Jiwe la Tatu la Kerneels Adonis

Kerneels Adonis amezaliwa katikati ya mizabibu na hajawahi kuonja mvinyo. Sasa ana miaka sabini na mbili. Baba yake alikuwa akilipwa mvinyo kwa kopo la bati, makopo matano kwa siku, la kwanza kabla jua halijachomoza, na siku moja walimkuta amekaa kwenye mfereji, amekufa, kopo bado limo mkononi. Kerneels alikuwa na miaka tisa. Alilichukua lile kopo akalipondaponda kwa jiwe mpaka likawa bapa, na mpaka leo ndilo lililoziba tundu kwenye mlango wa banda lake la kuku.

Ni shemeji yangu. Alimwoa mdogo wangu Sofie, naye Sofie tulimzika miaka kumi na minne iliyopita. Watu walidhani baada ya mazishi kila mtu atashika njia yake. Lakini nyumba yake na yangu zinapakana, na mtu wa kugombana naye asubuhi ni riziki.

Kwa kuwa hanywi, matajiri wa bondeni walimtaka awe dereva wao. Wawili aliwakataa kwa sababu walimwita kijana, na ndevu zake zilikuwa nyeupe tayari. Wa tatu akamkubali. Huyo alikuwa Mwalimu Retha Lubbe, mwanamke aliyefundisha kinanda maisha yake yote, hana mume, hana mtoto, macho yamemwishia, magoti yamemwishia, amebaki na gari jeupe asiloweza kuliendesha na mbwa jike aitwaye Vaatjie. Jina hilo maana yake ni pipa dogo, na kweli lilikuwa pipa lenye miguu minne. Mwalimu alimwita Kerneels "Bwana Adonis" tangu siku ya kwanza. Basi, hapo alifika bei.

Kila Jumamosi walikuwa na mzunguko wao, yeye, Mwalimu na mbwa. Saa tatu asubuhi wanaondoka. Kwanza wanakwenda kiwanda cha mvinyo cha Kliprug, wanapokaribisha mbwa hata chini ya meza. Mwalimu anaonja mvinyo wa aina mbili na kutema, wa tatu hatemi. Kerneels anakunywa maji ya zabibu, mbwa anawekewa bakuli la maji. Kisha wanakuja kula kwenye mgahawa nilikokuwa napika mimi, na mle jikoni nilikaa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nikisema nilichoona pale nimekiona. Kisha wanapanda barabara ya mlimani mpaka kileleni, wanasimama mahali unapoliona bonde lote, na saa kumi jioni wako nyumbani. Miaka sita hivyo. Mvua, jua, upepo wa kusini-mashariki unaong'oa mabati, wao wanakwenda.

Kiti cha mbele kilikuwa cha Mwalimu. Mbwa alikaa nyuma. Wakifika mahali, Kerneels anazunguka, anafungua mlango, anatoa mkono wake wa kulia, Mwalimu anaushika na kujiinua. Mezani Mwalimu alivaa viatu vya kahawia vya kiume, vya kamba, na Vaatjie alilala chini ameweka kidevu juu ya kiatu cha kushoto. Si cha kulia. Dirisha la jikoni kwangu linatazama baraza, na kila Jumamosi nilimwona vilevile, kidevu juu ya kiatu, anakoroma.

Kule kileleni pana rundo la mawe, refu kumzidi mtu, lililoanzishwa na watu wa kale, watu wa upande wa bibi yangu mzaa mama, waliokuwa wakipita na ng'ombe wao kabla hapajawa na shamba wala uzio. Wenyeji hatupiti pale bila kuongeza jiwe. Kerneels si mtu wa mlimani. Ni mtu wa bondeni, wa kanisani, wa vitabu vya nyimbo. Lakini Mwalimu aliipenda hiyo desturi, na kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kuinama, Kerneels ndiye aliyeinama. Aliokota mawe matatu: lake, la Mwalimu, la mbwa. Miaka sita, Jumamosi kwa Jumamosi, mawe matatu.

Mwalimu alikufa mwezi wa tatu, mavuno yalipokuwa yanaishia. Alikufa mchana, kitandani kwake, na neno lake kwa Kerneels lilikuwa kwamba gari na mbwa ni vyake, na Jumamosi asimnyime mbwa safari. Tulimzika Alhamisi. Jumamosi, saa tatu kamili, nikasikia lile gari linawaka.

Sikumzuia. Ahadi ni ahadi.

Cha kwanza kilichoniudhi ni mbwa kukonda. Wiki ya nne nikaziona mbavu zake kupitia kwenye ua. Nikamwambia Kerneels, "Shemeji, huyo mbwa unamlisha upepo?"

"Nampikia nyama ya kondoo, Drieka. Mimi mwenyewe nakula mkate."

"Basi mpe yeye mkate, nyama ule wewe. Hata wewe suruali inakutoroka."

Hakucheka. Alisema mbwa anakwenda kwenye bakuli, ananusa, halafu anasogea pembeni na kukaa, kama anayempisha mtu ale kwanza. Anangoja. Anangoja mpaka chakula kinaota utando. Daktari wa wanyama alimpima damu, meno, tumbo, hakuona ugonjwa. Alisema ni huzuni, itapita. Wiki ya nane haikuwa imepita. Vaatjie akishuka kwenye gari miguu inamtetemeka, na Kerneels akawa analala sebuleni karibu naye ili asikie kama bado anapumua. Hapo nikaanza kuhesabu. Sofie alikufa, Mwalimu amekufa, na huyu mbwa akifa, mwanamume yule ataingia ndani, afunge mlango, na mimi ndiye nitakayekuja kuuvunja.

Cha pili ni kengele ya mkanda. Gari lile, mtu akikaa mbele bila kufunga mkanda, linalia. Kerneels aliniambia, akiwa anafuta kioo na hanitazami, kwamba siku hizi linalia kiti kikiwa kitupu. Alipeleka kwa fundi. Fundi alikaa, akashuka, akakaa, kila kitu sawa. Jumamosi likalia tena, kutoka nyumbani mpaka Kliprug, mpaka Kerneels aliponyoosha mkono na kufunga mkanda juu ya kiti kitupu. Likanyamaza. "Ni kitufe tu," alisema. Siku nyingine za wiki kitufe hicho hakikuwa na shida.

Na Lerentia, msichana anayemimina mvinyo pale Kliprug, alinieleza kanisani kwamba kila Kerneels akiketi, yeye hujikuta ameweka mezani glasi za mtu wa pili. Anajiona mjinga, anaziondoa. Wiki inayofuata anaziweka tena.

Mimi si mtu wa kutishika kwa maneno ya wasichana. Lakini Jumamosi ya kumi niliona kwa macho yangu. Ilikuwa saa saba mchana, baraza limejaa watu, jua la majira ya baridi linawaka. Kerneels alikuwa ameketi kwenye meza ileile, mbele yake kiti kitupu kimevutwa nje kidogo, kama inavyokuwa mtu akikalia. Vaatjie alikuwa amelala chini ya meza. Nikaona kuna kitu hakiko sawa, nikawa sijui ni nini. Nikatoka na taulo langu begani, nikainama kama naokota uma.

Kidevu cha yule mbwa hakikuwa chini. Mwili wote ulikuwa umelala sakafuni, miguu imenyooka, macho yamefumba, lakini kidevu kilikuwa juu, kimo cha vidole vinne kutoka sakafuni, kimetulia. Shingo haikukakamaa. Alikuwa anakoroma. Nikapitisha mkono wangu chini ya kidevu kile, taratibu, kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na baridi tu, kama ile unayoisikia ukiingiza mkono ndani ya kiatu kilicholala nje.

Nilirudi jikoni nikaunguza vitunguu. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuunguza vitunguu.

Jioni ile nilikwenda kwake, sikubisha hodi. Nilimkuta ameketi na mbwa miguuni. Nikamwambia anisimulie siku yao yote, toka funguo mpaka funguo, asiruke hata kukohoa. Akasimulia. Nilimwacha mpaka alipofika kileleni.

"Pale kwenye rundo unafanya nini?"

"Naweka mawe, kama kawaida."

"Mangapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza ana pua ngapi. "Matatu, Drieka."

"Jumamosi ile baada ya mazishi uliweka mangapi?"

Nikaona anatazama kiganja chake cha kulia, anakifungua na kukifumba. "Matatu," alisema. "Mkono uliokota wenyewe."

Bibi yangu alinifundisha jambo hilo kabla hajanifundisha kusuka nywele. Jiwe lile si la kumbukumbu, na si ua la kaburini. Jiwe ni la msafiri. Unaliweka kusema, mimi niko njiani, naomba nifike. Mtu mmoja jiwe moja, na asiye nawe safarini humwekei, hata awe mtoto wako uliyemwacha nyumbani, kwa sababu utakuwa umemweka njiani, na atakuwa njiani mpaka atakapofika. Sasa maiti ambaye tulikwishamfikisha, tulimwimbia, tulimfukia, Kerneels alikuwa amemtoa tena barabarani. Mara kumi. Mazoea yana taabu.

Nilimweleza hivyo, bila kumpaka mafuta. Akasema basi atarudi akaondoe mawe kumi. Nikamwambia akiondoa jiwe kwenye rundo lile anaichukua safari ya mwenye jiwe, na mimi sina muda wa kuzika watu wawili kabla ya Krismasi.

"Sasa tufanye nini?"

"Jumamosi naenda na nyinyi."

"Na kazi yako?"

"Kazi itanitafuta."

Tajiri wangu sikumwomba ruhusa, nilimwarifu. Jumamosi nilivaa koti langu la kanisani na viatu vyangu vyeusi, nikafunga shingo ya kondoo iliyopikwa kwenye foili, nikaiweka mkobani. Kerneels alinifungulia mlango wa nyuma. Nikamwambia sikai nyuma, mimi si mzigo. Akasema polepole, "Drieka, hicho ni cha Mwalimu." Nikamwambia ndiyo maana.

Nilikaa. Mimi ni mtu wa kilo tisini, na kiti kile kilinipokea kama kilichojaa tayari. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo. Nilifunga mkanda. Gari likaanza kulia. Kerneels akautazama mkanda, umefungwa. Nikaufungua, nikaufunga tena mpaka ukagonga. Likaendelea kulia, tii, tii, tii, mpaka Kliprug, na safari hii hapakuwa na mkanda wa pili wa kufunga. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mbwa kwenye shingo yangu, naye alikuwa anatazama bega langu la kushoto, siyo mimi.

Pale Kliprug Lerentia aliweka glasi za watu watatu. Alipoona uso wangu akaanza kuziondoa, nikamwambia acha. Mvinyo wa kwanza nikauonja, wa pili nikauonja, wa tatu sikuugusa. Tulipoinuka nilitazama ile glasi ya mvinyo wa tatu, iliyokuwa pembeni yangu mbele ya mahali pasipo na mtu. Ukingoni palikuwa na alama ya mdomo, hafifu, kama mtu amepumua juu yake. Kerneels naye aliiona. Alichukua kofia yake.

Kwenye mgahawa niliketi kwa mara ya kwanza barazani kama mgeni, wenzangu wakinichungulia kupitia dirisha langu mwenyewe. Mmoja alipiga kelele kuniuliza kama bibi atapenda mchuzi kando. Nilikuwa natazama chini. Vaatjie alilala pembeni ya mguu wangu, kidevu kikapanda, kikatulia hewani. Nikauingiza mguu wangu pale chini. Mbwa yule, ambaye hajawahi kumbwekea hata paka, alinikunjia midomo na kunguruma bila kufumbua macho. Nikautoa.

Barabara ya mlimani ilikuwa imemezwa na wingu. Hatukuona bonde wala ukingo wa barabara, tuliona mistari myeupe ikitokea chini ya gari mmoja mmoja. Kengele ililia njia yote. Kerneels aliniuliza mara moja tu kama nina uhakika na ninalolifanya. Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya. Bibi yangu alinieleza kosa, hakuwahi kunieleza dawa yake. Njiani nilikuwa nimewaza jambo moja tu: kwamba msafiri humalizi safari yake kwa kumfukuza. Unamshusha.

Tulisimama karibu na rundo. Lilionekana jeusi ndani ya wingu, kama mtu mnene aliyejifunika blanketi. Nilishuka mimi kwanza, nikasogea kando, nikaacha mlango wazi. Nikamwambia Kerneels azunguke.

"Mpe mkono," nikamwambia.

"Drieka."

"Ulimpa mkono miaka sita. Mpe."

Alisimama pale mlangoni akiwa amevua kofia, maji ya wingu yanamtiririka kwenye ndevu, akautoa mkono wake wa kulia kama alivyozoea, kiwiko kimekunjwa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu mkono ukashuka. Niliona kitambaa cha koti lake kikibonyea kwenye kiwiko, mikunjo minne upande wa juu, na mmoja upande wa chini, na yeye akajikaza, akaegemea nyuma kidogo, kama mtu anayemwinua mwingine. Kengele ikanyamaza.

Mbwa akashuka bila kuitwa. Kerneels akatembea kuelekea kwenye rundo, hatua ndogo ndogo, hatua za mtu mwenye kumchukua mzee, na Vaatjie upande wa pili, pua yake karibu na ardhi pale ambapo kiatu cha kushoto kingekuwa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Walipofika Kerneels akasimama.

"Mwalimu," alisema, "tumefika. Hapa ndipo mwisho. Nisamehe nilikuchelewesha."

Kitambaa kwenye kiwiko kikajinyoosha, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

Mbwa aliketi. Alitazama rundo muda mrefu, na macho yake yakapanda taratibu, yakapita kilele cha rundo, yakaendelea kupanda, mpaka shingo ikawa imeelekea mawinguni. Halafu akapiga chafya, akajikung'uta, na kuja kunusa mkoba wangu.

Tuliweka mawe. Kerneels lake na la mbwa, mimi langu. Nilihesabu kwa sauti, na nilimfanya naye ahesabu. Ndani ya gari kulikuwa kimya, kiti kilikuwa kiti tu, cha baridi ya kawaida. Nilifungua foili pale pale na Vaatjie alikula shingo yote ya kondoo, akatafuna mifupa, akailamba foili mpaka ikatoboka. Kerneels alimtazama kwenye kioo, akasema mimi na upishi wangu tutamrudisha yule mbwa kuwa pipa. Ilikuwa miezi mitatu sijamsikia akitania. Alipomaliza kula, mbwa akajipenyeza mbele, katikati ya viti, akajikunja chini ya miguu yangu. Akaweka kidevu juu ya kiatu changu. Cha kushoto.

Nilidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata, saa tatu, nikasikia honi. Nilimwambia Kerneels mimi nilikwenda mara moja kwa sababu maalumu. Akasema mbwa hataki kupanda gari bila mimi, na kweli alikuwa ameketi mlangoni pangu, ameligeuzia gari kisogo. Nikaacha kazi mwaka ule, kwa hiari yangu, wala tajiri wangu asiseme vingine. Sasa ni mwaka wa pili. Lerentia huweka glasi za watu wawili na hakosei. Vaatjie amenenepa mpaka tunamsukuma kwa goti aingie. Magoti yangu mimi ndiyo yameanza. Tangu Pasaka siwezi kuinama pale kwenye rundo, na Kerneels ndiye anayeinama. Anaokota matatu: lake, langu, la mbwa.

Nimemwambia mbele ya mchungaji, na nimemwambia mbele ya kaburi la Sofie, kwamba siku nikifa ni mawe mawili. Ameitikia. Ni mtu mkweli, sijawahi kumkuta na uongo. Lakini mwezi uliopita nilikuwa na homa, nikakaa kitandani, wakaenda wenyewe, yeye na mbwa. Aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akashindwa kunitazama. Sikumuuliza ameweka mangapi. Usiku ule homa ilishuka, na asubuhi nilipovaa viatu vyangu vyeusi, vilivyokuwa vimekaa chini ya kitanda siku nne, cha kulia kilikuwa kikavu, na cha kushoto kilikuwa kimelowa tope la mlimani.